Mzigo Husimama Wapi?

SAFU YA RIZIKI NA MAISHA



Ndugu wasomaji, jarida hili ni lenu, ninyi mlio hapa West Bay pamoja na wale wanaolipokea kwa mkono wa jamaa huko Al Wakrah, Al Khor na Sanaiya.

Katika toleo lililopita niliahidi kuzungumzia ada za shule. Naomba radhi, mada hiyo itangoje mwezi ujao. Baada ya sala ya Ijumaa kijana wetu mmoja, mlinzi katika mojawapo ya majengo marefu ya mtaa huu, alinivuta kando akanionyesha picha ya shamba katika simu yake. Dalali wa nyumbani anamwuzia ekari mbili kando ya barabara kuu, kwa maneno kwamba bandari kavu inakuja hapo na kwamba baada ya miaka mitatu bei itakuwa mara kumi. Fedha anazotakiwa ni akiba yake ya miaka saba. Akaniuliza, "Mwalimu, ninunue nisinunue?" Sikumjibu siku ile. Nilimwomba asubiri toleo hili, kwa kuwa najua si yeye peke yake aliyeonyeshwa picha kama hiyo.

BANDARI KAVU NI NINI?

Bandari kavu ni mahali pa bara, mbali na maji, ambapo makontena hupokewa, huhifadhiwa, hukaguliwa na forodha, hulipiwa ushuru na kukabidhiwa wenyewe, kama ambavyo yangefanyiwa gatini. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la kale. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kuingia bara katika karne ya 19 walifanya Tabora kuwa kituo chao kikubwa, na hawakufanya hivyo kwa kubahatisha. Pale njia iligawanyika, moja ikienda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Chakula kilipatikana, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Msafara uliofika pale ulikuwa na haja ya kupumzika, kubadili wapagazi na kugawa mizigo. Biashara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watumwa pia, jambo ambalo haifai kulificha. Lakini kuhusu kuchagua mahali, wazee wale walijua walitendalo.

Nairobi nayo ni mtoto wa bohari. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika pale mwaka 1899, na wajenzi wakaweka kituo cha vifaa kwa sababu palikuwa na uwanda na maji kabla ya kuukabili mwinuko na kuteremka Bonde la Ufa. Mji ulizaliwa kutokana na haja ya reli kujipanga upya.

Basi tushike kanuni hii, maana ndiyo mzizi wa maneno yangu yote. Mzigo husimama kwa mojawapo ya sababu tatu: ama umefika sokoni, ama unabadili chombo, ama njia inagawanyika. Pasipokuwa na moja ya hizo, mzigo husimama kwa kulazimishwa, na kila kinacholazimishwa kina mtu anayekilipia.

MIFANO YA NYUMBANI

Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984. Sababu yake ni soko, kwani sehemu kubwa ya bidhaa zinazoshushwa Mombasa huliwa, huvaliwa na kutumiwa Nairobi na viungani mwake. Mzigo ukifika Embakasi umefika kwao.

Isaka, mkoani Shinyanga, ni mfano wa kubadili chombo. Ipo kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, karibu kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na hapo ndipo reli inapokaribiana na barabara ya kwenda Rwanda na Burundi. Garimoshi lilibeba mzigo safari ile ndefu kwa gharama nafuu, kisha malori yakaumalizia. Mahali palichaguliwa vyema. Hata hivyo, Isaka ilikuja kupoa, na kosa halikuwa la Isaka. Reli yenyewe ilidhoofika kwa uhaba wa injini na mabehewa, na mwishoni mwa mwaka 2009 na mapema 2010 mafuriko yaliivunja vibaya upande wa Kilosa. Wenye mizigo wakapakia malori Dar es Salaam moja kwa moja hadi Kigali. Malori yale yaliipita Isaka bila kushusha hata gunia. Funzo lake ni kwamba mahali pazuri panategemea njia nzima iliyo nyuma yake. Mnyororo ukikatika Kilosa, mama lishe wa Isaka ndiye anayelala na chungu kimejaa.

Sasa tuje Naivasha, jambo ambalo ndugu zetu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikasogezwa hadi Suswa, karibu na Naivasha, takriban kilomita 120 kutoka Nairobi. Ikaishia hapo, katikati ya bonde. Wakati huo haikuungana na reli ya zamani iendayo Malaba, kwa kuwa reli ya zamani ina upana wa mita moja na mpya ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mwaka 2020 ikatoka amri kwamba mizigo ya kupita, yaani ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, isafirishwe kwa reli na kukabidhiwa Naivasha.

Serikali ya wakati ule ilikuwa na hoja zake. Ilitaka kupunguza malori barabarani, kuipatia reli mizigo ya kulipia mkopo wake, na kujenga viwanda karibu na umeme wa mvuke wa Olkaria. Hoja hizo si za kubezwa. Lakini tupime kwa kanuni yetu. Je, Naivasha ni soko la mzigo wa Kampala? La. Je, njia inagawanyika pale? Mzigo wa Uganda na wa Rwanda huendelea na barabara ile ile. Je, chombo kinabadilishwa? Ndiyo, lakini ni kwa sababu reli iliishiwa, na mzigo uliokwisha kupanda garimoshi ukalazimika kushushwa ukapande lori safari ikiwa bado ndefu. Wafanyabiashara wa Uganda walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa walikwisha kuwa na mawakala, maghala na mazoea yao Mombasa.

Na Mombasa je? Tangu amri za awali za kuelekeza mizigo kwenye reli, watu walikwisha kuandamana mwaka 2019, na muungano wa Okoa Mombasa ukazipinga hadharani. Baadhi yetu tunazikumbuka simu za nyumbani za miaka ile. Dereva alikaa, utingo akakaa, fundi wa pancha wa Miritini akakaa, na muuza chapati wa Changamwe akapunguza unga. Waliokuwa wakipokea kidogo kutoka Ghuba wakaanza kuomba zaidi, na wengine hapa wakaahirisha likizo ili watume nauli yao nyumbani. Mnamo tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kukabidhi mizigo zirudi Mombasa. Kipande cha kuziunganisha reli mbili pale Naivasha nacho kilijengwa, jambo ambalo lingalitangulia. Zingatieni lakini: aliyenunua ardhi kwa kuitegemea amri ya 2020, aliamka siku moja amri imeondoka na ardhi imebaki.

Tanzania nayo imefungua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Julai 2025. Ipo karibu kilomita 90 tu kutoka Dar es Salaam. Mtu atauliza, mzigo usimameje baada ya mwendo mfupi hivyo? Jibu ni kwamba Kwala ni ya namna nyingine. Kazi yake ni kupunguza msongamano wa bandari na kuyatoa malori katikati ya jiji, na nchi jirani zisizo na bahari zimetengewa maeneo yao huko. Reli ya zamani inafika, reli ya kisasa inafika, na kuna barabara ya zege inayotoka Vigwaza. Ina sababu ya kuwapo maadamu garimoshi linatembea kwa wakati na jiji limebanana. Siku garimoshi likichelewa, kilomita 90 ni chache mno kumzuia mwenye lori asiende mwenyewe bandarini.

Tusiisahau Bagamoyo. Mkataba wa bandari kubwa ulitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015 huku mfuko wa serikali ya Oman ukiwa miongoni mwa washirika, na mwaka uliofuata kazi ikasimama. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema wazi kwamba masharti yake hayakubaliki. Ramani ilikuwapo, picha zilikuwapo na hotuba zilikuwapo. Mzigo haukuwapo.

MFANO WA HAPA TULIPO

Ukisimama Corniche ukatazama ng'ambo ya ghuba, utaiona bandari ya zamani ya Doha. Waliotangulia kufika wanakumbuka makontena yaliyopangwa pale. Mji uliizunguka, malori yakapata taabu kupenya, na shughuli za mizigo zikahamishiwa Hamad Port, kusini mwa Al Wakrah, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2016 na kuzinduliwa rasmi Septemba 2017. Leo pale pa zamani hushuka watalii wa meli. Hata bandari ya bahari huhama, sembuse iliyochorwa kwenye karatasi.

Na katikati ya kuhama huko, tarehe 5 Juni 2017, mpaka wa Abu Samra ulifungwa, na mizigo iliyokuwa ikipitia Jebel Ali ikakosa njia. Tunakumbuka foleni za madukani na maziwa ya Uturuki yaliyokuja baada ya siku chache. Meli zikaelekezwa Sohar na Salalah, Oman, hadi maelewano yalipopatikana Januari 2021. Tulijifunza kwamba ghala lililo nyumbani kwa mwingine lina mlango wenye mwenyewe. Anayechagua kituo cha mizigo hana budi kuuliza pia ni nani mwenye ufunguo wa njia.

JIBU LANGU

Kijana wangu, nawe msomaji uliye katika hali kama yake, kabla hujatuma hata riyali moja, yaulize mambo haya.

Kwanza, mzigo utasimama hapo kwa sababu gani: soko, chombo, au njia panda? Dalali akikujibu kwa kutaja jina la kiongozi, hajakujibu.

Pili, ni kitu gani kimekwisha kuwapo? Tazama reli iliyolazwa, barabara inayopitika masika, maji na umeme. Mistari ya ramani haibebi kontena.

Tatu, hiyo ardhi ni ya nani? Kwa Tanzania, ardhi ya kijiji ina Sheria yake ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji haiwezi kurukwa. Kwa Kenya, hati huchunguzwa katika ofisi ya usajili wa ardhi. Kumbuka pia kwamba mradi wa kweli ukija, serikali yaweza kuitwaa ardhi yenyewe, na fidia hufuata uthamini wa serikali, si bei uliyoahidiwa na dalali.

Nne, wewe utafanya nini hapo? Bandari kavu hulisha wenye gereji, chakula, vyumba vya madereva na maghala madogo. Kiwanja kidogo karibu na lango chenye mtu wa kukisimamia chaweza kukulipa kuliko ekari mbili za vichaka zisizo na mwangalizi.

Tano, je, amri moja yaweza kuyafuta yote? Ikiwa yaweza, basi usiweke hapo fedha ambayo huwezi kuikosa.

Ijumaa iliyopita nilimweleza kijana haya kwa ufupi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema shemeji yake anaishi umbali wa saa mbili kutoka pale. Nikamshauri ampelekee nauli, si bei ya shamba. Akakae kando ya barabara siku mbili za kazi, ahesabu malori yanayosimama, asihesabu yanayopita. Kisha aende ofisi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya wilaya, aulize kwa sauti. Majibu yakija mema, anunue kwa moyo mkunjufu na kwa maandishi. Yakija mabaya, atakuwa amepoteza nauli ya basi, na jasho la miaka saba ya kusimama mlangoni mwa majengo ya watu litakuwa limesalimika.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Maswali ya toleo lijalo yaletwe kwa mkono kama kawaida, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.