Fedha za Maendeleo Zimelala Hoteli ya Nyota Tano

Tuulizane bila kuoneana haya. Tajiri anayeweza kuingia benki yoyote Nairobi au Geneva akatoka na mkopo kabla ya chai ya saa nne, kwa nini akopeshwe kwa jina la maskini wa Uganda?

Maana ndivyo inavyofanyika, tena mchana kweupe na picha zikipigwa. Yapo mashirika yanayoitwa ya fedha za maendeleo: IFC ya Benki ya Dunia, Proparco ya Ufaransa, DEG ya Ujerumani, FMO ya Uholanzi, na lile la Waingereza lililokuwa likiitwa CDC mpaka lilipojibatiza jina la British International Investment mwaka 2022. Mitaji yao kwa sehemu kubwa inatokana na serikali, yaani walipa kodi, na sababu ya kuwepo kwao ni moja: kwenda pale ambapo benki za biashara zinaogopa kukanyaga. Haya, zifuateni fedha hizo katika utalii wa Afrika Mashariki mwone zinaishia wapi. Zinaishia ukumbini, juu ya marumaru, chini ya taa za fuwele.

Chukueni Serena. Hoteli hizi ni za Tourism Promotion Services, tawi la Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi, AKFED. IFC ilitia fedha katika Serena za Kenya tangu miaka ya 1970. Proparco iliingia kama mwanahisa wa TPS Eastern Africa, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Nairobi. Na kundi hili halikai hotelini tu. Utalipa bima kwao Jubilee, utaweka akiba kwao Diamond Trust, na usiku ukiwasha taa, sehemu ya umeme huo imetoka Bujagali, bwawa lililojengwa na ubia ambao wao ni nguzo yake.

Sina ugomvi na ujasiri wao. Waismaili, wafuasi wa Aga Khan, walifukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, na kurudi kuwekeza katika nchi iliyokufukuza kunahitaji moyo. Tena jengo walilolichukua hapa Kampala halikuwa la kutamanika. Nile Mansions ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa OAU wa 1975, Idi Amin akiwa mwenyeji. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alisimamishwa pale mbele ya wanajeshi waliokuwa wakipiga kelele auawe, kisha akachukuliwa, asirudi. Vyumba vya hoteli ile vilitumika kutesea watu chini ya Amin, na chini ya waliomfuata pia. Leo ni Serena, na mtu anakunywa juisi ya pasheni pale pale.

Ila tukumbushane: kuta zile zilijengwa kwa fedha za umma wa Uganda. Ardhi ilikuwa ya umma. Serikali ikampangisha mwekezaji kwa miaka 30, hoteli ikafunguliwa 2006, na Novemba 2007 wakuu wa Jumuiya ya Madola wakatua Kampala wakihitaji mahali pa kulala. Mwenye nyumba ni serikali, aliyeleta wageni wa kwanza wakubwa ni serikali. Hatari ambayo fedha za maendeleo huja kuibeba iko wapi hapo?

Bujagali ndiko mambo yanakovuka mpaka. Kabla ya bwawa, maporomoko yale karibu na Jinja yalikuwa mali ya utalii isiyohitaji kamati. Kampuni za rafti zilikuwa zikishusha wageni kwenye mawimbi ya Nile tangu miaka ya 1990. Vijana wa vijijini nao walikuwa na biashara yao: unampa mmoja wao shilingi elfu chache, anakumbatia jerikani la njano, anajitupa kwenye maporomoko, wewe unashika kichwa ukidhani amekwisha, naye anaibuka chini anacheka. Hapakuwa na mtaji wala mshauri mwelekezi hapo. Na kwa Wabasoga palikuwa patakatifu, makao ya mzimu wa Budhagali, hata ikabidi yafanyike matambiko ya kuuhamisha.

Wakaja wakopeshaji wa maendeleo kwa msafara: IFC, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Proparco, DEG, FMO. Benki ya Dunia ikaongeza dhamana ya dola milioni 115. Ukazaliwa mtambo wa megawati 250, ukazinduliwa Oktoba 2012, na maporomoko yakazama. Umeme tulikuwa tunauhitaji, hilo silikatai. Tuliochoka kulala gizani mwaka 2006 tunakumbuka. Lakini umeme wenyewe ulikuwa ghali kiasi kwamba Bunge likaombwa kuisamehe kampuni kodi ya mapato ili bei ishuke, mwaka 2018 madeni yakapangwa upya, na msamaha wa kodi ulipofika mwisho ukaongezwa tena. Mkopeshaji analipwa. Mbia naye anapata faida yake. Anayesamehe kodi ni Mganda.

Na yule kijana wa jerikani? Aliahidiwa kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda, chini zaidi ya mto, yatahifadhiwa kufidia yaliyozama. Serikali ilitia saini na Benki ya Dunia mwaka 2007. Kisha likaja bwawa la Isimba, kwa mkopo wa Exim ya China, likazinduliwa Machi 2019, na maji yake yakapanda kuelekea eneo lile lile lililoapiwa. Mwenye kutunza kiapo hakuonekana.

Sasa rudini Kampala, nyuma ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Serena. Pale kuna kijiji cha kazi za mikono: vikapu, ngoma, nguo za gome la mtuba, shanga za karatasi. Mgeni wa nyota tano hununua zawadi zake pale. Mama mwenye kibanda akitaka kuongeza mzigo kabla ya msimu, benki inamtaka hati ya ardhi ambayo hana. Ana kibanja tu. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Serikali ilipoweka kikomo cha riba za wakopeshaji hao mwaka 2024, kikomo chenyewe kilikuwa asilimia 2.8 kwa mwezi, na tukashangilia! Piga hesabu mwenyewe kwa mwaka. Huyu ndiye mtu ambaye benki inamwogopa. Mbona shirika la maendeleo halimfuati?

Nitaambiwa mkopo mdogo una gharama kubwa kuusimamia, kwa hiyo fedha zipitie benki za hapa. Tumeshaliona hilo. Dfcu ilianzishwa 1964 na serikali pamoja na hao hao CDC ili kukopesha maendeleo. Ikageuka benki ya biashara kama nyingine, na mwaka 2017 ikaichukua Crane Bank kwa shilingi bilioni 200 katika mauzo yaliyozua kesi mpaka mahakama za juu. Muuza vikapu hakusikia lolote.

Nitaambiwa pia ajira. Kweli, hoteli kubwa inaajiri, inafunza wapishi, inanunua mboga. Lakini ingeajiri hao hao kwa mkopo wa benki ya kawaida, na hilo ndilo swali ambalo taarifa zao za kung'aa hazijibu: bila fedha zenu, ni kitanda kipi kisingetandikwa?

Kwa hiyo tuonyesheni mikataba. Historia yetu hapa inachekesha mpaka inaliza. Shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu Kampala kudai mkataba wa kuuziana umeme wa Bujagali, enzi za kampuni ya AES ya Marekani. Mwaka 2002 jaji akasema ndiyo, hati hii ni ya umma. Kisha akaiacha Greenwatch mikono mitupu, kwa kuwa Katiba inampa haki hiyo raia, nayo Greenwatch haikuthibitisha kwamba ni raia.

Mimi ni raia. Nataka kila mkopo wa maendeleo unaoingia katika kundi lenye hoteli nchini uwekwe wazi: kiasi, riba, muda, dhamana, na kodi iliyosamehewa kwa ajili yake. Nataka sehemu ya kila mkopo huo ifungwe kwa wauzaji na waongozaji wadogo wanaoizunguka hoteli, kwa riba ile ile aliyopewa tajiri. Na upangishaji wa iliyokuwa Nile Mansions, unaofika tamati katikati ya muongo ujao, usiongezwe hata siku moja kabla hesabu zake hazijasomwa bungeni. Kamati ya Utalii ianze sasa, isingoje kuitiwa semina. Maana semina yenyewe itafanyika Serena.