Feni za zimamoto zije, lakini madirisha yafunguke

Jumapili ya Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Moto ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuuzima. Miongoni mwa waliopoteza mitaji nawajua warejeaji wenzangu, ambao walikuwa ndiyo kwanza wameanza maisha.

Tangu siku ile, kila tunapozungumzia moto tunazungumzia maji na magari ya zimamoto. Ni sawa, lakini tunamsahau muuaji mwingine, naye ni moshi. Gereza la Gitega lilipoungua Desemba 7, 2021, serikali ilitangaza vifo vya watu 38, na baadhi yao walikufa kwa kukosa hewa.

Katika nchi nyingi, zimamoto hutumia feni kubwa za kusukuma hewa. Feni huwekwa nje, mita 2 au 3 hivi kutoka mlangoni, ili upepo wake ufunike mlango wote. Hewa ikijaa ndani, moshi na joto husukumwa nje kupitia dirisha lililofunguliwa upande wa pili. Askari huona wanakokwenda, na aliyezimia sakafuni hupata hewa.

Hata hivyo, kifaa hiki si cha kuchezea. Moto hula hewa. Feni ikiwashwa kabla ya kujua moto uko wapi, au kabla ya kufungua njia ya moshi, chumba kizima kinaweza kulipuka kwa miali, na moto ukasukumwa kuelekea kwa watu tunaotaka kuwaokoa. Ndiyo maana mpira wa maji lazima uwe tayari kwanza. Tena feni haifai kila mahali: katika soko pana lililo wazi kama lile la 2013, isingesaidia kitu.

Inakofaa ni kwenye nyumba zetu. Nilisoma Ulyankulu, Tanzania, katika madarasa ambayo mtu angeweza kutoka hata dirishani. Leo naishi Buyenzi, na ninayoyaona yananinyima usingizi: duka mbele, stoo ya vitenge na magodoro katikati, watoto wamelala chumba cha mwisho. Mlango ni mmoja. Madirisha yamepigwa nondo, na mengine yamezibwa kwa matofali kwa kuogopa wezi.

Nyumba ya namna hiyo hata ukiiletea feni kumi, moshi utatokea wapi? Na watoto je?

Kwa hiyo naiomba serikali, pamoja na wafadhili wanaoisaidia, iwapatie zimamoto feni hizi, lakini mafunzo yatangulie. Kifaa bila ujuzi ni hatari juu ya hatari.

Nanyi wafanyabiashara wenzetu mnaovuka kwenda Kigoma na kurudi na mizigo, msingoje serikali. Wekeni nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua. Petroli isilale ndani. Magodoro yasizibe njia ya chumba cha watoto.

Mtaji hutafutwa tena, kama tulivyoutafuta tuliporudi mikono mitupu. Mtoto aliyekufa kwa moshi harudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuona tangu 2013.