Mtoto Mgonjwa Asinyang'anywe Ziwa

Neno la Juma
Na Masika Kasereka, Butembo

Mtoto wa miezi minne akipatwa na homa au akianza kuharisha, katika nyumba si haba za Butembo na Beni jambo la kwanza kutendeka si kumzidishia maziwa wala kumpeleka kwa muuguzi, bali ni kulishitaki ziwa la mama yake: huyu husema maziwa yamechacha kwa kuwa mama alishinda juani shambani, yule husema mama ana mimba nyingine na maziwa yake yamegeuka, na wa tatu, aghalabu mtu mzima anayeheshimiwa na wote, hukata shauri kwamba mtoto apumzishwe kunyonya kwa siku mbili, anyweshwe maji ya majani, na tumbo lake lisafishwe kwa kile kipira cha kutilia dawa kwa nyuma. Siku hizo mbili ndizo zinazoua. Wazee hao hawana nia mbaya, na mapenzi yao kwa mjukuu hayana shaka. Lakini kumwondolea mtoto mgonjwa ziwa ni kumwondolea kinywaji chake, chakula chake na sehemu ya dawa yake kwa mara moja, tena katika saa ambayo mwili wake unavihitaji vyote vitatu kuliko wakati mwingine wowote.

Takriban robo tatu ya uzito wa mtoto anapozaliwa ni maji, na akiba yake ni ndogo. Mtu mzima aweza kuharisha mchana kutwa na bado akasimama kwa miguu yake, ilhali mtoto wa kilo tano hufikia hatari katika muda wa saa chache. Wala maji hayatoki kwa kuhara na kutapika tu: homa huyapitisha katika ngozi, na pumzi za haraka za mtoto mwenye kichomi huyatoa kinywani na puani, hata malaria, ambayo Beni iliyo chini na yenye joto kuliko Butembo yetu ya milimani huijua vyema, yaweza kumkausha mtoto asiyeharisha hata mara moja. Maziwa ya mama ni maji kwa kadiri ya sehemu 87 katika kila 100, na ndani yake mna sukari, na chumvi kwa kiasi kimfaacho mtoto, na kinga ambayo mwili wa mama huitengeneza dhidi ya maradhi yaliyomo nyumbani mwake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likausia kwamba mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata tone la maji, ijapokuwa nchi ina joto. Na akiugua, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na kila mara kwa muda mrefu zaidi, usiku na mchana.

Najua kuna neno ambalo wasomaji wangu wa Beni, Mangina na Katwa watalileta hapa, nami sitalikwepa. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kutoka Mangina, hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, watu 2,287 walifariki katika mlipuko ule, na katika muda huo waganga waliwakataza akina mama walioambukizwa wasinyonyeshe. Walikuwa na haki, kwa sababu kirusi cha Ebola huonekana katika maziwa ya mama na huweza kubakia humo hata baada ya mama kupona. Basi watoto wakatengwa na mama zao, na UNICEF ikafungua nyumba za malezi kando ya vituo vya matibabu, Beni na Butembo, ambamo watu walionusurika na Ebola, na ambao kwa kuupona ugonjwa waliaminika kuwa na kinga, waliwapakata watoto wa wenzao na kuwanywesha maziwa yaliyotayarishwa. Amri ile ilikuwa ya ugonjwa mmoja, na ilitolewa na watu wenye vipimo mkononi. Haikuwa ya malaria, wala ya kikohozi, wala ya kuhara kwa kila siku. Ebola ikitangazwa tena, kama ilivyotangazwa mwaka 2021 na 2022, shauri la kunyonyesha litakuwa la waganga, si la jirani wala la mama mkwe.

Lakini mimi katika nyumba zile za malezi naona jambo kubwa kuliko katazo. Watoto wale walikuwa na dawa na maziwa, na bado visingaliwafaa kitu lau hapangalikuwa na mtu wa kuketi nao saa baada ya saa, mkono mmoja ukishika kichwa na mwingine ukishika kikombe. Hata historia ya tiba yenyewe inashuhudia hayo. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh viliposukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, tabibu Dilip Mahalanabis alijikuta katika hospitali ya Bangaon, wagonjwa wa kipindupindu wamelala hata sakafuni na serumu ya mshipa inakwisha. Akachanganya chumvi na sukari katika maji, akayatia katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wakayachota kwa vikombe na kuwanywesha watu wao, na vifo, vilivyokuwa vikifikia 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya vinne. Kwa hakika sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata, hata wakati mtu anapoendelea kuharisha. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tuliuona upande wa pili Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu: elimu ya chumvi na sukari ilikuwako duniani kwa zaidi ya miaka 20, lakini maji safi hayakutosha, wala mikono ya kunywesha.

Kwa mtoto anayeharisha, ziwa huendelea, na juu yake huongezwa, kama dawa, serumu ya kunywa, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na sukari, ile ya paketi ipatikanayo vituoni na katika maduka ya dawa. Paketi hiyo huchanganywa na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Hapa natia mkazo, kwa maana taksiri ni rahisi: chupa kubwa ya bia, ambayo watu huitumia kuwa kipimo, haifiki lita moja, na paketi ikimiminwa humo serumu huwa kali, chumvi ikamdhuru mtoto tuliyetaka kumponya. Baada ya kila choo chepesi, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa kati ya robo na nusu ya kikombe kikubwa cha chai, si kwa kugugumia, bali kijiko kidogo kila dakika moja au mbili. Akitapika, mama hungoja dakika 10, kisha huanza tena polepole zaidi. Aliyechoka hata kunyonya, maziwa hukamuliwa katika kikombe safi naye akapewa kwa kijiko hicho hicho, na chupa ya kunyonyea iachwe kabisa, kwa sababu kuisafisha sawasawa ni kazi ngumu katika nyumba inayoteka maji chemchemini. Muuguzi ataongeza vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi sita, kikayeyushwa katika maziwa ya mama yake.

Wengi wetu hatuamini kwamba mtoto ametibiwa mpaka tumeuona mrija umening'inia, na muuguzi anayempa mama kikombe na kijiko huonekana mtu asiyejua kazi. Serumu ya mshipa ni rehema kwa mtoto aliyekauka sana au asiyeweza kunywa. Kwa anayenyonya na kumeza, kijiko hutosha. Lakini macho yakididimia, utosi ukibonyea, mtoto akilia bila machozi, nepi ikikaa kavu kwa saa sita, ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi kwa uvivu, akitapika kila kitu, akitoa damu chooni, akilegea au akikataa ziwa kabisa, basi hapana tena jambo la kufanya nyumbani: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na njiani ziwa na kijiko visikome kwa kadiri anavyoweza kumeza. Nami sisahau kwamba usiku wa Beni, tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, si usiku wa kutembea, na wapo akina mama wanaohesabu saa mpaka alfajiri mtoto akiwa kifuani. Kwa ajili hiyo hasa kumnywesha kuanze choo cha kwanza kinapotoka, mchana, mtoto angali na nguvu ya kunyonya.

Sasa ni nani atakayeketi na kijiko kila dakika mbili? Mama huyo huyo ndiye anayesubiriwa na bidoni chemchemini, na shamba lililo mbali, na meza ya sokoni, na watoto wengine watano, na huenda nyumba yake imewapokea jamaa waliokimbia vita. Akirudi jioni amechoka, hakula, hakunywa, kisha tunamwuliza kwa nini mtoto amekauka. RECO wetu, yaani wahudumu wa afya wa jamii, ambao hupita mitaani wakifundisha kwa subira, hueleza vizuri sana habari za serumu, lakini hawawezi kumpa mama nafasi ya kuyatenda waliyomfundisha. Nafasi hiyo hutolewa na watu wa nyumba yake. Kwangu mimi, mtu yeyote amwambiaye mama wa mtoto mgonjwa anyonyeshe, na asimwondolee kazi hata moja, hajamsaidia.

Ndugu baba wa Butembo na wa Beni, neno langu la juma hili ni lako. Nunua paketi mbili za serumu ya kunywa na chombo kimoja unachojua kwa yakini kwamba kinapokea lita moja, uviweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapafahamu. Na siku mtoto atakapougua, mpe mama yake uji na maji, uliache shamba lisubiri, na bidoni ulibebe wewe.