Mzee akitetemeka, tusiseme karogwa
Mzee akianza kutetemeka mikono na kuburuta miguu, tusikimbilie kusema karogwa. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza viungo, zinakufa. Mwaka 1993 wanasayansi walitangaza protini iitwayo GDNF, inayozipa seli hizo ishara ya kuishi na kukua. Lakini ikimezwa haifiki ubongoni. Huko Bristol, Uingereza, wagonjwa walipitishiwa mirija kichwani. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuthibitisha kuwa walipata nafuu kuliko waliotiwa maji yasiyo na dawa. Basi anayekuuzia chupa ya "kufufua ubongo" anakula fedha zako bure. Levodopa haiponyi, ila hupunguza dalili. Mpeleke mzee hospitali mapema.