Kamera ya mtumba: usitoe hela kabla hujaona picha kwenye simu yako

Ndugu wafugaji, najua mmezoea tuongee chanjo ya kideri, lakini wezi nao wanamaliza mabanda, kwa hiyo leo nivumilieni.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kwihara, jirani na tembe la Livingstone, kaniletea kamera ndani ya kiroba. Aliibiwa kuku, akauza mahindi, akanunua kamera ya mtumba mjini kwa elfu arobaini. Ikagoma kuunganika. Fundi kamwambia imekufa, anunue nyingine.

Haijafa. Adapta aliyopewa ilikuwa ya volti 5, wakati kamera imeandikwa 12 kwa chini. Tukabadilisha, taa ikatulia. Halafu waifai: kamera nyingi za bei ndogo zinasoma gigahezi 2.4 tu, na hotspoti ya simu ya mwanae ilikuwa kwenye 5. Tukashusha. Tukaminya kitufe cha kuriseti mpaka taa ikabadilika. Ikashika waifai vizuri, tukafurahi, kumbe bado. Programu ikaandika kwamba kifaa hiki kimeshasajiliwa kwenye akaunti nyingine.

Hapo ndipo wengi wanaliwa hela. Kuriseti kunafuta waifai ya zamani, ila kwa kamera nyingi usajili unabaki kwenye seva za kampuni. Ni kama laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine: badilisha simu mara kumi, jina ni lilelile. Anayeweza kuitoa kirahisi ni mwenye akaunti. Na Tabora tangu enzi za misafara ya Ujiji ni mji wa kupitisha mali, kitu kinakufikia kimeshapita mikono minne.

Wapo wanaosema mtumba tuuache kabisa. Sikubaliani nao, mpya ni ghali na kuku wanaibiwa leo. Ila muuzaji akikwambia "kaunganishe nyumbani", mwachie kamera yake. Akikupa neno la siri la akaunti yake ndiyo mbaya zaidi, maana na yeye ataliona banda lako, na atajua lini haupo.

Muuzaji tulimrudia Jumamosi. Kampigia aliyemuuzia, yuko Urambo, kaahidi kuitoa kwenye akaunti yake. Mpaka naandika hapa hajaitoa, na mama kamlipa kijana wa kulala bandani.