Jamani, huku siyo Bondeni!

Leo nina neno na ninyi ndugu zangu, hasa wale wa kujibu "yuko Bondeni" kila mnapoulizwa niko wapi. Shahada yangu ni ya uuguzi, siyo jiografia, lakini hili limenikaa rohoni.

Johannesburg iko juu, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Mnaoijua Mbeya mmeshaelewa baridi ya Julai huku ikoje. Na Yeoville, ninapoishi, iko kwenye vilima, mashariki ya Hillbrow na Berea. Bonde liko wapi hapo?

Mji wenyewe wa ajabu kidogo. Hauna bahari, hauna ziwa, hauna mto wa maana. Ulianza mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, Yeoville ikafuata 1890. Chini yetu, upande wa Ellis Park, kinaanza kijito kiitwacho Jukskei. Kinapita Alexandra, kinaingia mto Crocodile, halafu Limpopo, mpaka Bahari ya Hindi. Yaani mvua ya mtaani kwangu inaishia bahari ile ile mnayoogelea Kigamboni! Inayonyesha kusini ya jiji inaenda Vaal, kisha Orange, hadi Atlantiki.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mimi naona familia yenye mtu ughaibuni inapaswa kujua majina ya sehemu zinazomzunguka. Mgonjwa akija simuulizi "unaumwa?" tu, namuuliza anaumwa wapi. Aprili 2015, mwaka wangu wa kwanza huku, wageni walishambuliwa Durban. Simu yangu haikupumzika, mama alilia, shangazi akataka nirudi kesho yake. Durban ni kama kilomita 570 kutoka hapa, sawa na Dar hadi Moshi. Siku chache baadaye vurugu zikafika Jeppestown, kilomita chache tu kutoka kitandani kwangu. Siku hizo tulitoka kazini wanne wanne, midomo imefungwa ili lafudhi isitusaliti. Hakuna aliyepiga simu, maana jina hilo hamkuwa mnalijua. Silaumu, nasema tu.

Na sasa nasikia mdogo wetu anakuja mwezi wa sita, eti "akifika Sauzi atakupigia". Sauzi ipi? Mwambieni ashuke Park Station, mabasi ya kutoka kaskazini yanaishia hapo. Afike mchana, akae ndani ya stesheni, nitamfuata mwenyewe. Asiondoke na mtu yeyote anayedai anamjua dada yake. Yeoville si mbali na hapo, ndiyo maana wageni wengi tumejazana huku. Rockey Street utasikia Kilingala na Kiswahili cha Kongo, na kisamvu kipo, wao wanakiita pondu.

Ila kama kazi yenyewe ni Cape Town, kama nilivyodokezwa, hiyo ni kilomita 1,400 nyingine. Mwambieni kabisa kwamba tutaonana Krismasi. Na sweta asisahau.