Mfalme Aliyepanga Nyumba Hartwell

Kwa wazee, ndugu na majirani walioko Mji Mkongwe Unguja, Lamu na Mji wa Kale Mombasa.

Barua hii ni ya habari za nyumba: moja ya huku Uingereza, na zile zenu za huko.

Ya huku inaitwa Hartwell House, nje kidogo ya mji wa Aylesbury, Buckinghamshire, kaskazini-magharibi ya London. Ujenzi wake ulianza mapema karne ya 17, na leo ni hoteli. Mgeni akiingia hulakiwa na ukumbi wenye dari ya plasta iliyofinyangwa kwa mkono, kisha hukutana na ngazi ya mbao ambayo nguzo zake zimechongwa sanamu za watu, kila mmoja na sura yake. Chai ya alasiri huletwa sebuleni, na mtu huinywa kama aliyekuja kumtembelea jamaa yake mwenye uwezo. Bei ya usiku mmoja si ya mchezo, ndiyo maana wengi wa huku hungoja harusi au kustaafu baada ya miaka mingi kazini ndipo waende.

Mpangaji wake mashuhuri alikuwa mkimbizi. Wanamapinduzi wa Ufaransa walimkata kichwa Mfalme Louis XVI mwaka 1793, na mdogo wake, aliyejiita Louis XVIII, akatangatanga Ulaya mpaka akafika hapa. Kuanzia 1809 hadi 1814 alipanga Hartwell kwa pauni 500 kwa mwaka. Hakuja peke yake. Alikuja na watu zaidi ya 100, wakubwa kwa watumishi. Nyumba ikawa finyu, vyumba vikakatwa vipande, na juu ya paa watu wakafuga kuku na sungura na kupanda mboga. Mkewe, Marie Joséphine, alifia humo mwaka 1810. Napoleon alipoanguka mwaka 1814, Louis alitia saini hati za kukubali kiti cha ufalme ndani ya maktaba ya nyumba hiyo, chumba ambacho mgeni wa leo huketi kusoma gazeti. Aliyewahi kulala watu sita chumba kimoja ughaibuni hawashangai wale wa kuku juu ya paa. Anawaelewa.

Nyumba hii ingeweza kupotea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumiwa na jeshi, halafu ikawa shule ya wasichana mpaka 1983. Ndipo ikachukuliwa na kampuni ya Historic House Hotels, iliyoanzishwa na Richard Broyd mwaka 1979 kwa nia moja: kuokoa majumba ya zamani kwa kuyapa kazi ya kufanya. Hartwell ilifunguliwa kuwa hoteli mwaka 1989. Dada zake ni Bodysgallen Hall, kule Wales, na Middlethorpe Hall, mjini York. Katika hiyo ya York aliwahi kuishi Lady Mary Wortley Montagu, mwanamke aliyeona wanawake wa Kituruki wakichanja watoto wao dhidi ya ndui akaileta desturi hiyo Uingereza mwaka 1721. Kabla ya kukarabatiwa, nyumba yake ilikuwa klabu ya usiku.

Nyumba nyingine za kale za Uingereza hazikubahatika. Kodi ya mirathi, iliyoanza mwaka 1894 na kupandishwa tena na tena, pamoja na vita viwili, iliwashinda warithi wengi. Majumba yakauzwa mbao, risasi za paa na mawe. Katika mwaka 1955, kwa wastani jumba moja lilibomolewa kila baada ya siku tano. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho ya picha za majumba yaliyokwisha kubomolewa, na watu wakasimama mbele ya picha zile wakiona walichokipoteza. Kwa hiyo msidhani Waingereza walizaliwa wakijua kutunza. Walijifunza baada ya hasara.

Na jambo walilojifunza kwa mikono ni chokaa. Fundi anayekarabati ukuta wa kale huku hagusi saruji. Ukuta wa zamani hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka kupitia chokaa. Ukiupaka saruji, maji hufungiwa ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Mafundi wakongwe wa Unguja na Lamu hawahitaji kufundishwa hili. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake umepimwa na urefu wa boriti za mikoko. Habari za jumba la Mambo Msiige, Mji Mkongwe, mnazijua, jinsi inavyosimuliwa kwamba mwenye nyumba alichanganya mayai kwenye chokaa. Leo jengo hilo la karne ya 19 ni sehemu ya hoteli. Lakini wajukuu wa mafundi wale wanapiga lipu ya saruji juu ya matumbawe kwa sababu inakauka haraka, na vichwa vya boriti vinaoza kimyakimya ndani ya ukuta.

Na hasara nasi tumeionja: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka ikiwa katika ukarabati. Watu wawili walikufa. Wengi wetu wa huku tulipata habari hizo kwa simu, na wapo waliolia.

Turudi Uingereza. Mwaka 2008 hoteli zile tatu, Hartwell na dada zake, zilitolewa zawadi kwa National Trust, taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 1895, na faida yake huenda huko. Sheria ya mwaka 1907 iliipa taasisi hiyo uwezo wa kutangaza mali yake kuwa haiuzwi wala haiwekwi rehani. Mzee yeyote wa Malindi akisomewa sheria hiyo atauliza mara moja: si wakfu huo? Naam, ni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na babu zetu walizifunga hivyo kabla Bunge la London halijaandika neno. Taasisi hiyo haikuficha pia mali ilikotoka: mwaka 2020 ilitoa ripoti iliyotaja majengo na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na biashara ya utumwa. Nyumba zetu zilizojengwa kwa karafuu, pembe za ndovu na watumwa zinastahili ukweli huohuo ukutani, mgeni ausome.

Hoteli si dhambi. Nyumba yenye wapangaji huzibwa paa, nyumba tupu huingia popo. Kosa ni kuuza moja kwa moja, kama ilivyotokea kwa nyumba nyingi za Shela, kule Lamu, pale ambapo kukodisha kwa mkataba wa miaka kungeibakiza nyumba mikononi mwa ukoo. Basi ndugu, tafuteni hati zilipo. Kaeni warithi wote kitako, na wa ughaibuni tupigieni simu, tuchange. Mwambieni fundi alete chokaa. Na kabla masika hayajaanza, mtu apande juu ya paa akaangalie.